Mrija au Mchepuko

Masijala, ghorofa ya kwanza
Jumatatu, 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na gari nalo ni zima. Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu nazijua simu zako: ukiwa garini unaweka spika, na mara ya mwisho nilipokueleza habari za jipu langu, mwanafunzi aliyekuwa kwenye usukani alinipa pole kabla yako. Tafadhali isome barua hii ukiwa umeegesha, peke yako, vioo vimepandishwa.

Sina ugonjwa mpya. Ni ule ule wa uzito, pamoja na sukari, ambayo sasa vidonge vimeanza kushindwa nayo. Juzi nilipanda ngazi za ofisini nikiwa na majalada mawili tu mkononi, nikafika juu sina pumzi hata ya kusalimia. Mkuu wa masijala alinivutia kiti akasema, "Kaa, kijana, usije ukanifia hapa mwisho wa mwezi, kazi ni nyingi." Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitabasamu ili nisionekane nimeumia. Nafasi kati ya makabati yetu ni nyembamba; wenzangu wanapita kifua mbele, mimi napita ubavu, na kabati la mwisho silifiki kabisa. Tarishi ndiye huniletea majalada ya huko.

Nimekwenda hospitali, kliniki ya uzito. Daktari mpasuaji ni mama mmoja mfupi, anaongea taratibu na anachora kila anachosema. Amesema nikiendelea hivi, figo na macho vitaanza kudai chao kabla sijafika umri wa mkuu wangu wa kazi. Anaweza kunifanyia upasuaji, lakini upasuaji wenyewe ni wa namna mbalimbali, na nichague.

Wa kwanza anauita mrija. Wanakata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa kabisa, linabaki jembamba kama ndizi. Chakula kinapita njia ile ile ya siku zote, ila kidogo kidogo. Kilichotolewa hakirudi.

Wa pili anauita mchepuko. Wanatenga kijitumbo kidogo huko juu, kama yai, halafu wanakiunga na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kiliruke tumbo la zamani na mwanzo wa utumbo. Hakuna kinachotolewa, lakini kunakuwa na maungio mawili mapya, na ungio linaweza kuvuja. Halafu unameza vitamini maisha yako yote. Kuna pia mkanda wa kubana tumbo, ila huo aliuchora haraka haraka akaukata kwa mstari, akasema siku hizi hawapendi kuufunga.

Aliniuliza maswali mengi kuhusu mwili wangu, nikamjibu yote vizuri. Akasema kwa majibu hayo mrija na mchepuko vyote vinawezekana, nirudi mwisho wa mwezi na uamuzi wangu.

Mimi naelekea kwenye mrija. Lakini Shangazi, kazini sijawahi kuamua kitu. Kazi yangu ni kumpelekea jalada anayeamua. Nakuomba mambo mawili: uniambie unaonaje, na usimwambie mtu yeyote.

Mwanao,
Karani


Ndani ya gari, uwanja wa mazoezi
Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba, baba, marahaba! Ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimelewa. Pembeni yangu kuna bwana mmoja, mwalimu wa hesabu, anajifunza kurudi nyuma. Hesabu za dunia nzima anazijua isipokuwa ya kioo cha pembeni.

Barua yako niliisoma vioo juu kama ulivyoagiza, nikatoka jasho utadhani nimo ndani ya tanuri. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Mtoto huyu! Nimekulea tangu baba yako alipotuaga, nikakuogesha, nikakupeleka shule na kiatu kimoja, kingine umekitupa njiani, leo unaniandikia kana kwamba unaomba likizo.

Unaniuliza naonaje. Naona unatakiwa uishi. Hayo mengine ni ya kuongea. Na huo mchepuko mbona naujua? Si ndiyo ile barabara ya nje waliyojenga ili malori yasipite sokoni? Nimewafundishia watu pale. Mwanzoni kila mtu aliiogopa na kila mtu alipotea humo, sasa hivi hakuna anayekumbuka foleni ilikuwaje. Simaanishi uchague huo. Nasema tu kwamba neno hilo halinitishi.

Lakini kuna kitu kimenikwaruza. Umesema ulijibu yote vizuri. Vizuri vipi? Ulimwambia habari za mito? Tangu uko darasa la tatu hulali mpaka nikupangie mito mgongoni, unalala umekaa kama abiria wa safari ndefu. Ulimwambia kwamba ukila ukajilaza chali unaamka unakohoa na kifua kinawaka moto? Nauliza tu, mimi si daktari.

Breki! Breki, mwalimu! Samahani, hiyo si yako.

Jambo la mwisho, na usininunie. Nina mwanafunzi mmoja, binti wa rika lako, kazi yake kuoka mikate. Jana nikamwuliza kwa mbali tu, "Hivi mtu akipasuliwa tumbo apungue, anapona?" Akacheka mpaka gari likamzimikia katikati ya mzunguko, watu wanatupigia honi. "Mama Klachi, unaniuliza mimi? Mimi mwenyewe nimepasuliwa!" Sikutaja jina la mtu. Nikasema ni mtu fulani tu. Akasema, "Huyo mtu fulani ndiye huyu mwenye tai, ambaye picha yake umeining'iniza hapa kiooni?" Sasa hapo, baba, ningesemaje?

Shangazi yako,
Mama Klachi


Masijala
Jumatano, 13 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii ni fupi kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika mwandiko unaharibika.

Nilikuomba usimwambie mtu. Kumwambia muoka mikate ni sawa na kubandika tangazo, kwa sababu hakuna mtu asiyenunua mkate.

Na kuhusu mito, hapana, sikumwambia. Nitakueleza kwa nini, kisha tusizungumze tena jambo hilo.

Siku ile nilikaa kwenye benchi la kliniki karibu na dereva mmoja wa lori, mtu mnene kuliko mimi, mcheshi. Aliingia kabla yangu akatoka amenuna. "Wameniondolea mrija," akasema. "Nimesema tu kwamba napata kiungulia. Ati mrija unakizidisha, na mchepuko unakituliza. Basi, nimebaki na mchepuko. Sina tena la kuchagua, ndugu yangu." Halafu wakaniita mimi.

Daktari akauliza, "Unapata kiungulia?"

Nikasema, "Hapana, daktari."

"Hata usiku?"

"Usiku nalala kama mtoto."

Akaandika. Nilimdanganya mtu aliyenichorea tumbo langu kwa penseli za rangi mbili ili nielewe.

Naogopa mchepuko, Shangazi. Nikifumba macho naona yale maungio mawili. Bomba la jikoni kwangu limeungwa mahali pamoja tu na bado linadondosha maji, na fundi ameshakuja mara kadhaa. Nilifikiri nikinyamaza, nitabaki na mambo mawili mkononi na nitaweza kuchukua lile linalonitisha kidogo. Labda kiungulia kitaondoka chenyewe nikipungua.

Tena hata ningetaka kurekebisha, nimechelewa. Imeshaingia kwenye jalada langu. Mimi najua jalada ni kitu gani. Hapa kwetu neno likishaingia kwenye jalada, kulitoa ni mpaka uandikiwe barua, barua ijadiliwe, na kikao kikae. Mwaka jana mzee mmoja aliandikwa amekufa, akaja mwenyewe dirishani kutuonyesha kwamba anapumua, na bado tulimwambia asubiri. Siwezi kumfanyia daktari usumbufu wa namna hiyo.

Nitarudi mwisho wa mwezi na nitasema mrija.

Mwanao,
Karani


Chumba cha tanuri
Jumapili, 17 Machi

Kaka Karani,

Salamu. Hunijui. Mimi ndiye muoka mikate niliyemzimishia Mama Klachi gari kwenye mzunguko. Ameniambia umekasirika, na una haki. Ila naomba ujue kwamba habari zako sijaziuza pamoja na mkate. Nilimwomba aniruhusu nikuandikie, akasema, "Andika, lakini usimtishe, huyo mtoto anaogopa hata bahasha." Kwa hiyo nakuandikia taratibu.

Kabla ya upasuaji niliwahi kujaribu kujifunza gari kwa mwalimu mwingine. Kila nikikata kona, tumbo langu lilikuwa linapiga honi. Ninakwambia kweli! Watu wananipisha, wengine wananipungia mkono wakidhani nawasalimia. Mwalimu akaniambia nirudi nikipungua. Nilirudi nyumbani nikalia juu ya magunia ya unga.

Mimi nilichagua mchepuko kwa sababu sukari ilikuwa imenikamata na kifua kilikuwa kinaniwaka kila usiku. Sitakudanganya kwamba ni lelemama. Nywele zilinikatika miezi kadhaa, nikawa nafunga kilemba hata kulala. Vitamini nameza kila asubuhi, nikisahau mguu unaniambia kwa ganzi. Na mwezi wa pili baada ya upasuaji, kwa kiburi cha kazi, nikasema muoka mikate gani haonji keki yake? Nikala kipande. Moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka kila mahali, nikajilaza sakafuni mpaka sukari ile ikapita, na wateja dirishani wanauliza, "Jamani, leo hakuna mtu?" Sasa keki naionja kwa pua.

Binamu yangu yeye alifanyiwa mrija. Hajawahi kupata kiungulia maishani, na anaendelea vizuri kabisa, hajuti hata kidogo. Kwa hiyo sikwambii uchague wangu au wake. Nakwambia jambo moja tu. Ukimficha daktari, atampasua vizuri sana mtu ambaye si wewe.

Maungio yangu hayajavuja. Wanayapima kabla hujatoka pale mezani. Waulize wanavyopima, wanapenda kuulizwa. Na hilo jalada lako, kaka, nenda tu ukaseme. Mimi niliwahi kurudi kumwambia daktari kwamba nilidanganya kuhusu soda. Akaniambia nipange foleni, waliodanganya kuhusu soda ni wengi.

Mwanafunzi wa Shangazi yako,
Muoka mikate


Masijala
Jumanne, 16 Aprili

Dada Muoka mikate,

Nashukuru kwa barua yako. Nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba tarishi ameanza kuniuliza kama nimechumbia.

Nilirudi kliniki. Nilikuwa nimejiandikia maneno ya kusema, yenye utangulizi, sababu na hitimisho. Nilipofika mbele ya daktari yote yakaniruka, nikasema, "Daktari, nalala nimekaa."

Akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Tangu darasa la tatu."

"Na uliniambia unalala kama mtoto."

"Watoto wengine wanalala wamekaa, daktari."

Aliniangalia, nami nikatazama viatu vyangu, ambavyo kwa kweli sivioni nikiwa nimesimama lakini nikikaa naona ncha. Kisha akacheka. Nilianza kueleza kwamba najua ni usumbufu, kwamba nitaandika barua ya kuomba marekebisho, na kwamba niko tayari kusubiri. Hakunisikiliza. Alivuta jalada langu, akakata neno moja kwa mstari, akaandika jingine pembeni.

"Ndivyo tu?" nikamwuliza.

"Ulitaka nipige muhuri?"

Dada, nimefanya kazi kwenye majalada tangu nimalize masomo na sijawahi kuona kitu kizuri kama mstari ule.

Wiki iliyofuata walinipitisha kamera kooni. Walinipulizia dawa ya ganzi, nikashika mkono wa nesi nikauvunja nusu, lakini nilimaliza. Sehemu ya chini ya koo imeungua kwa asidi, sana. Daktari alinionyesha picha, akasema mrija ungeongeza moto mahali ambapo tayari panaungua, na kwamba yeye anashauri mchepuko, hasa ukizingatia na sukari. "Lakini mwili ni wako," akasema. "Nikikufanyia, nakufanyia ulichokubali." Nikamwuliza wanavyopima maungio, kama ulivyoniagiza. Uso wake ulichangamka! Alichora kurasa tatu. Wanaingiza maji ya rangi, wanatazama kama yanatoka popote. Nikafikiri, laiti fundi wangu wa bomba angefanya hivyo.

Nilimwomba dakika chache. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la kliniki. Ajabu ni kwamba mchepuko ulikuwa bado unanitisha, lakini nilipouweka mbele yangu pamoja na kila kitu, bila kuficha, niliona ndio ninaoutaka. Nikarudi ndani nikasema.

Imepangwa tarehe 14 Mei. Kabla ya hapo ni vinywaji tu kwa wiki mbili ili ini lisinyae. Mkuu wa masijala nimemwambia. Alisema, "Kumbe ngazi zile ulikuwa unaumia kweli?" Halafu akahamisha meza yangu, akaiweka chini karibu na mlango mpaka nitakapopona, na akamkemea tarishi kwa kosa ambalo halikuwepo. Nadhani alikuwa anaomba radhi.

Shangazi nimemwandikia mara mbili hajanijibu. Je, amekasirika? Tafadhali mwangalie. Si kawaida yake kukaa kimya hata kwa dakika moja.

Karani


Nyumbani
Jumatano, 15 Mei

Mwanangu,

Barua hii anakuletea muoka mikate kwa sababu mimi wamenikataza kuingia wodini leo. Wamesema nipumzike. Mimi! Nipumzike!

Sikuwa nimekukasirikia, baba. Nilipoona tarehe kwenye barua yako mkono ulikataa kuandika. Mbele za watu nilikuwa nacheka na kufundisha, nikifika nyumbani naikunja barua yako na kuikunjua. Mimi niliyewahi kumfukuza dereva wa lori kwa miguu ili nimpe somo la taa, harufu ya dawa za hospitali inanimaliza. Sikutaka ujue, maana mmoja wetu ilibidi awe hodari, na wewe nilijua nafasi hiyo hukuomba.

Jana nilimwambia binti aendeshe yeye. Alinifunga mkanda kama mtoto. Gari halikuzima hata mara moja, nikawa najivunia na kuogopa kwa wakati mmoja. Tukafika, wewe umeshapitishwa kwenye ule mlango mkubwa. Tukakaa kwenye korido. Nikajikaza. Nikahesabu vigae.

Ndipo nikasikia sauti yako.

Mwanangu, wewe hata ukikanyagwa mguu ndiye unayeomba radhi. Tangu umezaliwa sijawahi kukusikia ukipaza sauti. Ilipita ule mlango kama king'ora. Maneno sikuyapata, nilisikia tu kwamba ni wewe. Nikasema moyoni, wamemkata kabla hajalala! Kilichofuata niliona dari, na nesi ameniinamia ananipepea kwa faili, anauliza, "Mama, na wewe umekuja kupunguzwa?" Nikamwambia nimpunguze yeye kwanza. Basi wakanirudisha nyumbani.

Wamesema kwa simu kwamba umeamka na unaendelea vizuri, lakini hao huwaambia hivyo watu wote. Nataka kusikia kwako. Walikufanya nini mpaka ukalia namna ile? Niambie ukweli. Kama kuna aliyekuumiza nitakuja, harufu au hakuna harufu.

Shangazi yako


Wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani
Alhamisi, 16 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitini, si kitandani. Nimetembea korido yote mara mbili na dripu yangu kama mtu anayetembeza mbuzi. Nakunywa maji kwa kijiko, na kila kijiko nakipa heshima yake. Tumbo linauma kama vile nimecheka sana, na kwa kweli nimecheka, kwa sababu muoka mikate amenisimulia ulivyoanguka, tena kwa vitendo, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamwomba arudie. Nimemsihi asirudie tena, nyuzi bado ni mbichi. Anakuja tena kesho. Anasema ni kwa ajili ya mazoezi ya kuegesha.

Daktari amepita asubuhi. Walipima maungio yote mawili kwa yale maji ya rangi. Hakuna kilichovuja. Sukari ya leo nesi aliipima mara mbili, kwa ilivyoshuka, akidhani mashine imekosea.

Sasa nikueleze ile sauti.

Kabla hujalazwa mezani, kuna chumba kidogo cha kusubiri, nyuma tu ya ule mlango. Hapo wana utaratibu ambao sikuujua. Wanasimama wote, daktari, mtu wa nusukaputi na manesi, wanakuuliza wewe ni nani na umekuja kufanyiwa nini. Nikamwambia nesi, kwa sauti yangu ya dirishani, "Imo kwenye jalada."

Akasema, "Najua imo. Useme mwenyewe, kaka. Sisi haturuhusiwi kukusemea."

Nikanong'ona, "Nimekuja kwa ule mpango tuliokubaliana."

"Mpango gani? Wa ndoa?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Mlango wa kurudi nilikuwa nauona, ulikuwa wazi nusu. Daktari alikuwa amejifunga kitambaa usoni, yamebaki macho tu. Hakunihimiza. Alisema, "Ukitaka kubadili, huu ndio wakati wake. Hakuna atakayekulaumu." Mtu wa nusukaputi akasema, "Na sauti iwe kubwa, mimi sikio hili halisikii vizuri."

Nikasubiri mtu aseme. Unajua nilivyo, Shangazi, nilisubiri kweli. Nikatazama uso mmoja mmoja, na wote walikuwa wananitazama mimi. Hofu ilikuwepo, sikwambii iliondoka. Lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinapanda, nikadhani ni kichefuchefu, kumbe yalikuwa maneno. Nikajaza kifua, nikapiga ukelele:

"Nimekuja kufanyiwa mchepuko wa tumbo! Nimechagua mwenyewe!"

Kisha nesi akapiga makofi, na wenzake wakafuata. Daktari akasema, "Tumekusikia. Nadhani na mtaa wa pili wamekusikia." Kabla sijalala nikasikia kishindo huko nje koridoni, mtu akasema, "Ameanguka mama mmoja." Nikalala nikimwonea huruma mama huyo, sikujua ni wewe.

Kwa hiyo usije kumpiga mtu. Hakuna aliyeniumiza. Sikuwa nalia, Shangazi. Nilikuwa nimefurahi.

Mwanao